Nyakati Tatu za Shairi: Fasihi ya Mvita Ikisomwa kutoka Gazi

Muktadha wa kihistoria, katika uhakiki wa fasihi, ni jumla ya mambo yaliyokuwa yakiendelea kazi ilipotungwa: nani alitawala na nani alimwogopa nani, watu walipigania nini, na maneno gani hayakuweza kusemwa kinaganaga. Uzito wake umebishaniwa kwa muda mrefu. Mfaransa Hippolyte Taine aliandika katika miaka ya 1860 kwamba kazi ya fasihi ni zao la asili ya mwandishi, mazingira yake na wakati wake. Karne iliyofuata wakatokea wahakiki waliosema maandishi yajitegemee, na msomaji asitazame kingine ila maneno yaliyo mbele yake. Mjerumani Hans-Georg Gadamer, katika kitabu chake cha mwaka 1960, aliongeza jambo ambalo pande zote mbili zililipita haraka: msomaji naye ana historia yake, na haivui mlangoni kama viatu.

Mjadala huo kwa kawaida hufundishwa kwa mifano ya Ulaya. Pwani ya Kenya inao mfano wake, tena wenye faida moja ambayo Ulaya haina kwa urahisi. Mashairi ya Mombasa ya karne ya 19 yametungwa wakati mmoja, yakaandikwa wakati mwingine na watu wengine, kisha yakachapwa na kusomwa wakati wa tatu. Wahakiki wengi hushughulika na wakati wa mtungaji na wa msomaji. Ule wa katikati, wa aliyeshika kalamu na kuyahifadhi, husahauliwa, na mara nyingi ndio ulioamua nini kitufikie.

Gazi na ukoo ulioshindwa

Gazi ni kijiji cha Kaunti ya Kwale, kama kilomita 50 kusini ya Mombasa, upande wa baharini wa barabara iendayo Lunga Lunga, baada ya Ukunda na kabla ya Msambweni. Siku hizi mgeni akisikia Gazi husikia ghuba yake ya mikoko, kituo cha utafiti wa bahari, na mradi wa Mikoko Pamoja ambao wanakijiji hupata fedha kwa kuitunza mikoko hiyo. Karne ya 19 jina hilo lilitajwa kwa sababu nyingine kabisa. Lilikuwa jina la uasi.

Wamazrui waliishika Mombasa takriban miaka mia moja, tangu miaka ya 1730. Mwanzo walikuwa maliwali wa Oman. Utawala wa huko ulipoangukia mikononi mwa Albusaidi, Wamazrui hawakuwatambua, wakajitawalia. Ugomvi huo ulirithiwa kizazi baada ya kizazi hadi mwaka 1837, Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Kialbusaidi, alipoutwaa mji. Liwali wa mwisho, Rashid bin Salim, alikamatwa pamoja na wakubwa wa ukoo, wakapelekwa Ghuba ya Uajemi, na hawakurudi tena. Waliosalia walitawanyika: wengine walikwenda kaskazini, Takaungu, na wengine walishuka kusini, Gazi.

Mtoto wa Rashid, Mbaruk bin Rashid, ndiye aliyeifanya Gazi isikike hadi Zanzibar na London. Kwa miongo kadhaa aliinuka dhidi ya masultani wa Zanzibar, akishindwa pwani hupanda vilimani hadi boma lake la Mwele, na mambo yakipoa hurudi na kupatana. Mwaka 1882 alizingirwa Mwele na jeshi la Sultani lililoongozwa na Mwingereza Lloyd Mathews, akaponyoka. Mwaka 1895 ukazuka ugomvi wa urithi Takaungu, ambapo Waingereza walimpendelea mtu wao na kumnyima Mbaruk mwingine, mdogo, aliyejiona ana haki. Mzee wa Gazi akaingizwa vitani. Tarehe 17 Agosti 1895 Admeri Harry Rawson aliiteka Mwele. Rawson huyo huyo ndiye aliyeipiga kasri ya Zanzibar kwa mizinga mwaka uliofuata, na mwaka 1897 akauteka mji wa Benin huko Afrika Magharibi. Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka, akajisalimisha kwa Wajerumani. Alimaliza maisha yake Dar es Salaam mwaka 1910.

Historia hii haikai pembeni mwa fasihi. Karibu kila shairi kubwa la kisiasa lililotungwa Mombasa kabla ya ukoloni limeunganishwa nayo kwa uzi fulani, na anayesoma kutoka Gazi husoma kutoka upande wa walioondoshwa.

Muyaka: shairi kabla ya vita na baada ya vita

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy aliishi Mombasa takriban kati ya 1776 na 1840. Alikuwa mtu wa Wamazrui. Hutajwa kama mshairi aliyeutoa ushairi wa Kiswahili msikitini akauweka barabarani na sokoni: akatunga juu ya bei za vitu, mapenzi, ndoa, njaa, safari na, kwa ukali wa pekee, juu ya vita. Bahari yake ni shairi la mishororo minne, kila mshororo una mizani 16 na umegawika vipande viwili, vina vya kati na vya mwisho vikioana. Ni umbo fupi. Halina nafasi ya kueleza nani ni nani, na halikuhitaji, kwa sababu waliolisikia waliwajua wote.

Hapo ndipo ugumu unapoanzia. Chukua ubeti wa majigambo ambamo mtu wa Mvita, yaani Mombasa, anawaonya adui kwamba mji wake hauguswi. Mwaka 1812 au 1813 Mombasa, ikishirikiana na wenzake wa Pate, iliishambulia Lamu, ikashindwa vibaya kwenye mchanga wa Shela. Walamu, wakihofia kulipiziwa kisasi, walimwita Seyyid Said awasaidie. Kwa namna hiyo Albusaidi wakapata mguu pwani ya kaskazini, na kuanzia hapo Wamazrui walikuwa wakirudi nyuma hatua kwa hatua hadi 1837. Ubeti wetu wa majigambo ukiwa ulitungwa kabla ya Shela, ni kitisho cha mtu mwenye nguvu. Ukiwa ulitungwa baada yake, ni mtu anayejikaza mbele ya watu wanaojua ameumia. Maneno hayabadiliki hata moja. Vina ni vilevile, mizani ni ileile. Kinachobadilika ni sauti ya msemaji, na sauti hiyo haimo kwenye karatasi. Imo kwenye tarehe.

Tena mashairi haya hayakusemwa peke yake. Yalikuwa majibizano. Lamu ilikuwa na malenga wake, mashuhuri wao akiwa Zahidi Mngumi, na beti zilivuka bahari zikijibiwa kama barua. Kumsoma Muyaka bila upande wa Lamu ni kumsikiliza mtu anayezungumza kwa simu: unasikia jibu, swali hulisikii. Wanafunzi wengi hukwama hapa, na nadhani kosa si lao. Vitabu vya shule huwapa ubeti mmoja uliong'olewa shinani na kuwauliza dhamira yake. Nao hujibu kwamba dhamira ni ushujaa au uzalendo, wanapata alama zao, na mambo yanaishia hapo.

Hata majina ya mahali huteleza. Mombasa ya washairi ina majina kadhaa, Mvita, Gongwa na Kongowea miongoni mwao. Kijana wa leo akikuta Kongowea katika shairi la zamani ataona soko kubwa la bara upande wa Nyali, magunia ya viazi na makelele ya makuli. Msikilizaji wa Muyaka aliona mji wenyewe wa kisiwani.

Wakati wa kalamu

Muyaka hakuacha kitabu. Mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu na katika karatasi za hapa na pale kwa karibu nusu karne. Yaliyotufikia yalikusanywa Mombasa kwa juhudi za wanaume wawili. Mmoja alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni wa mji aliyefariki mwaka 1890. Yeye ndiye aliyeyajua mashairi, akayaandika kwa hati za Kiarabu na kueleza nani alikusudiwa wapi. Wa pili alikuwa William Taylor, mmishonari wa Kiingereza aliyefika Mombasa mwaka 1880 na kukipenda Kimvita kuliko wenzake wote waliokipendelea Kiunguja.

Itazame kazi ya Sikujua kwa karibu. Hati za Kiarabu, kama zilivyotumiwa zamani kuandikia Kiswahili, hazikutenga *e* na *i*, wala *o* na *u*. Herufi moja ya *b* iliweza kusomwa *b*, *p* au *mb*. Mshairi anayecheza na maneno yanayokaribiana sauti, na Muyaka alikuwa bingwa wa mchezo huo, huwa amemwachia mwandishi mlango wazi kila mshororo. Anayegeuza hati hiyo kuwa ya Kilatini hana budi kuamua. Kila alipoamua, alisoma, na alisoma kama mtu wa miaka ya 1880.

Miaka hiyo ilikuwa ya namna gani? Mombasa ilikuwa na liwali wa Zanzibar, na Ngome ya Yesu ilikuwa na askari wa Sultani. Gazi, mwendo wa siku mbili kwa miguu, alikaa mtoto wa liwali wa mwisho wa Kimazrui, akiwa na watu wake na bunduki zake. Shairi la kale linalowahimiza watu wa Mvita wasimpigie magoti Said halikuwa kumbukumbu ya makumbusho. Lingeweza kusomwa barazani jioni na mtu akageuza macho kuelekea kusini. Ni busara kudhani kwamba katika hali hiyo baadhi ya beti zilikumbukwa kwa bidii na nyingine zikaachwa zisahaulike, na kwamba maelezo ya Sikujua yaliandikwa na mtu aliyejua nani huenda akayasoma.

Karatasi hizo zilikaa hadi mwaka 1940, William Hichens alipozitoa kama diwani iliyochapwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Wakati wa kalamu ukawa umepata tabaka jingine. Mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe mwaka 1928 ulikuwa umechagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa hiyo lugha ya Muyaka, iliyokuwa lugha ya mji mzima, ilichapwa ikiwa tayari imeshushwa kuwa lahaja. Msomaji wa 1940 aliihitaji faharasa pale ambapo mchuuzi wa 1820 alicheka papo hapo.

Vichwa vya mashairi navyo ni vya wahariri. Ni jambo dogo, lakini kichwa ni hakimu: ubeti ukipachikwa chini ya mapenzi, utasomwa kama wa mapenzi hata kama mwanamke anayesemeshwa humo ni mji.

Utenzi wa Al-Akida, jela na Liwali

Mfano wa pili unaonyesha nyakati hizo tatu zikikabana zaidi. Muhammad bin Abdallah, akida wa Sultani aliyeishika Ngome ya Yesu, aligombana na liwali, akaigeuzia bunduki serikali iliyomweka. Januari 1875 meli mbili za kivita za Uingereza, Rifleman na Nassau, ziliipiga ngome kwa mizinga hadi akasalimu amri. Kisa hicho kilitungiwa utenzi na Abdallah bin Masud, naye ni Mmazrui.

Msomaji asiyejua nasaba husoma habari ya afisa mkorofi aliyeadhibiwa. Anayeijua huona zaidi. Ngome ile ilikuwa ya baba zake mshairi hadi 1837. Sasa anasimulia jinsi wale waliowatoa wanavyotoana wenyewe kwa wenyewe, na jinsi wanavyohitaji meli za Wazungu ili kuwatuliza askari wao. Mtungaji hana haja ya kucheka. Utenzi, kwa desturi yake, huanza kwa jina la Mungu na kwenda kwa heshima. Kejeli inaletwa na historia yenyewe.

Utenzi huo ulichapwa London mwaka 1950, katika kitabu kilichotungwa na Mbarak Ali Hinawy, aliyekuwa Liwali. Mwaka huo bendera ya Sultani bado ilipepea Mwambao kwa mkataba wa 1895, Mwingereza akitawala chini yake. Ngome yenyewe ilikuwa jela, na ilibaki jela hadi 1958. Kwa hiyo mpishano uko hivi: mshairi wa ukoo ulioshindwa, mwandishi wa kitabu mwenye cheo chini ya dola iliyoushinda ukoo huo, na msomaji wa Mombasa ambaye akifunga kitabu na kuchungulia nje ataona kuta zile zile zikiwa na wafungwa. Sijui mfano mwingine wa pwani ambapo mahali pa kisa na mahali pa kusomea vimebanana kiasi hiki.

Adui wa jana hana madhara

Upande wa pili wa mpaka kuna utenzi wa Hemed Abdallah el-Buhriy juu ya vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, kuitamalaki Mrima, uliotungwa karibu na mwaka 1891. Unasimulia vita vya 1888 na 1889 ambavyo kiongozi wake, Abushiri, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Kamanda wa Wajerumani alikuwa Hermann von Wissmann. Ndiye huyo huyo ambaye Mbaruk wa Gazi alimkabidhi silaha zake mwaka 1896, Wissmann akiwa gavana. Anayezijua habari za Gazi hawezi kusoma utenzi huo bila kujiuliza mzee yule alimkabilije mtu aliyewamaliza wenzake wa Pangani. Alichagua aliyemshinda jirani badala ya aliyemshinda yeye.

Utenzi huu ulichapwa mwaka 1955 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, Tanganyika ikiwa mikononi mwa Mwingereza na chama cha TANU kikiwa na umri wa mwaka mmoja tu. Kuchapa utenzi unaomlaumu Mdachi hakukumgharimu Mwingereza chochote. Pengine kulimpa sifa. Baada ya uhuru wa 1961 kurasa zilezile zilisomwa kama ushahidi kwamba Mwafrika hakuupokea ukoloni kwa mikono miwili. Wasomaji wote hao waliona kitu kilichomo kweli. Ila kila mmoja alikiona kilichomfaa, na utenzi ukawatosheleza wote.

Hali hiyohiyo ilimpata Muyaka. Katika miaka ya 1970 baadhi ya wahakiki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiutazama ushairi kwa jicho la matabaka, walikuwa tayari kuiona fasihi ya zamani ya pwani kama sauti ya mabwana na wafanyabiashara. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz alitoa Nairobi kitabu kikubwa juu ya Muyaka, akimweka kama mshairi wa watu wa mji, katika nchi changa iliyokuwa ikitafuta urithi wa kujivunia. Mimi naona wote walikuwa na haki nusu nusu. Muyaka alisema na watu wa kawaida kwa lugha yao, na aliyasema mengi yaliyowapendeza wakubwa.

Kuhusu Mbaruk mwenyewe, maandishi ya Waingereza yalimwita muasi, na baada ya Uhuru akawa shujaa wa kuupinga ukoloni. Neno la pili linapendeza zaidi, lakini nalo lina mtego wake. Mwaka 1895 hapakuwa na Kenya ya kupigania. Alipigania alichoamini ni haki ya ukoo wake, na akakutana na dola iliyokuwa ikianza kujenga kitu ambacho baadaye kingeitwa Kenya.

Mshairi aliyejua atasomwaje

Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa wa mwaka 1946, ni mrithi wa wazi wa Muyaka kwa umbo na kwa ulimi. Alifungwa akiwa na miaka 22 kwa waraka wa siasa uliouliza Kenya inakwenda wapi, akakaa ndani kati ya 1969 na 1972. *Sauti ya Dhiki*, diwani ya mashairi aliyoyatunga kifungoni, ilitoka 1973, na mwaka uliofuata ikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga.

Tofauti yake na Muyaka ni ya kihistoria. Muyaka alifumba kwa sababu ya ufundi na desturi. Wasikilizaji wake walifumbua wakicheka. Abdilatif alifumba kwa sababu mlinzi wa jela angeweza kusoma. Shairi lake la mamba linaweza kusomwa na mtoto kama kisa cha mnyama wa mtoni, na ndivyo lilivyokusudiwa liweze kusomwa na mtu asiyetakiwa kuelewa. Mwalimu anayelifundisha bila kutaja 1969 anamfanyia kazi mlinzi yule, bila ya kujua.

Waliokosa wino

Mashairi na tenzi zote zilizotajwa zimetoka kwa watu waliosoma, wengi wao wa koo zenye mali. Mali hiyo, Gazi na Takaungu kama Mombasa, ilitegemea mashamba, na mashamba yalitegemea watumwa. Sheria ya kuondoa hadhi ya utumwa katika pwani ya Kenya ilikuja mwaka 1907, miaka kumi na mmoja baada ya Mbaruk kuvuka mpaka. Wadigo wa vijiji vinavyoizunguka Gazi nao wana kumbukumbu zao juu ya zama za Wamazrui, na hazilingani kila mara na fahari ya diwani.

Watu hao walikuwa na fasihi: ngoma, nyimbo za kazi, hadithi, vitendawili. Haikupata Sikujua wake. Mwanahistoria Frederick Cooper, aliyewahoji wazee wa pwani ya Kenya katika miaka ya 1970 na kuandika juu ya utumwa wa mashambani na maisha ya waliokuwa watumwa baada ya kuachwa huru, alifika wakati wajukuu bado walikuwa wakisimulia. Vitabu vyake si vya fasihi, lakini anayevisoma kando ya Muyaka ataona mji ule wa mashairi ukijaa watu ambao hawakutajwa: wapalilia minazi, wachota maji, wapakuzi wa majahazi. Ataanza pia kuuliza, ubeti unaposema sisi wa Mvita, ni nani hasa walihesabiwa humo na nani walikuwa nyuma ya nyumba wakitwanga.